Pini Saba

Bi Shamimu alizishika kwa midomo,
vichwa vya rangi nje, ncha ndani,
na aliongea kutwa.

Midomo haikukutana. Ingekutana, damu.
Basi be, pe na me zake
alizihamishia nyuma ya meno,
ulimi ukafanya kibarua cha midomo
kama jirani anayekubebea mtoto
ukiwa na ndoo mbili.
"Tinda hata," na mimi nikapinda hapo.
"Tina nadega," nikavuta tepu, nikapima mabega.
Kifungo kilikuwa kithungo.
U na o, zinazotaka midomo iduare,
alizichota kooni.
Duka letu lilikuwa Nagoneni Natita,
mkabala na muuza magodoro,
na mimi, Bupe Mwakalinga wa Tukuyu,
nikawa Dute.

Wateja wapya walinigeukia mimi: amesemaje?
Wakija kuchukua nguo hawakuuliza tena.
Sikio nalo ni fundi.
Likiletewa kitambaa pungufu
linaunga.

Umeme ukikatika, jenereta za mtaa mzima zikinguruma,
hakupaza sauti. Alizirefusha irabu,
akakata silabi moja moja
kama anayekata hariri kwa mkasi butu,
na neno likavuka barabara hadi kwa muuza magodoro
aliyekuwa anadaiwa.

Siku moja nikamwambia, Bi Shamimu,
unajua unavyosema?
Akazitoa pini zote, akazichomeka kwenye mto wake,
akanitazama kwa midomo mitupu.
"Kwani mimi nasemaje, Bupe?"
Be safi. Pe safi.
Hakujua. Wallahi hakujua.

Jumanne moja ya Machi napiga pasi dera la mtu
nikasikia, "Dute."
Nikaitika bila kugeuka.
"Dute," tena, polepole.
Pasi ikaanza kunuka.
Nikautazama mto wa pini.
Zote saba zilikuwa zimesimama pale.

Mwananyamala, mapokezi, nesi akauliza jina.
"Shaninu."
Akaandika Shani. Nikamsahihisha.
"Wewe unamwelewaje?"
Nikasema ni lugha ya dukani,
lakini nilikuwa nadanganya nusu,
maana safari hii ulimi wenyewe
ulikuwa umelala upande mmoja,
na se yake ilivuja kona ya mdomo
kama bomba la uani,
na yako maneno aliyoyasema usiku ule
ambayo mpaka leo sijayaunga.

Dada wa mazoezi, Kokushubira,
alileta kioo, mrija, glasi ya maji.
Puliza. Tena. Sema ba.
Da.
Ba.
Da.
Wiki tatu za da.
Akaninong'oneza nisimjibu haraka,
nikimwelewa mno
hatapata sababu ya kuhangaika.
Hilo liliniuma kuliko kioo.

Hakuna aliyemfundisha alichofanya Alhamisi ile.
Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima,
akaibana midomo kwa vidole viwili
kama unavyobana pindo kabla ya sindano,
akaachia:
ba.
Kokushubira akacheka, akaandika kitu.
Bi Shamimu akaangalia vidole vyake
kama vya mtu mwingine.

Sasa anakuja dukani saa nne, anakaa kwenye stuli,
anakosoa.
Akitaka be hugusa kona ya mdomo kidogo.
Mteja hudhani anafikiri.
Akiwa amechoka, au amekasirika,
be hurudi nyuma ya meno, mahali pake pa zamani,
na hakuna anayepotea njia.

Cherehani ni yangu siku hizi. Pini pia, ingawa
mimi siwezi zaidi ya nne.
Juzi aliniita, bila kidole:
"Bupe."
Nikakawia. Nilikuwa nasubiri lile jina jingine.
"Bupe, we! Umeziba masikio?"

Nikageuka na pini zangu mdomoni.
"Adee, Di Shaninu."